Sir James Douglas na Bonde la Baba Yake

Wanafunzi wengi wa shule hii wanamjua Robert Bruce, mfalme wa Waskoti, kwa ajili ya yule buibui aliyejaribu mara nyingi kufunga uzi wake mpaka akaweza. Lakini si wengi wajuao kwamba kabla Walter Scott hajaieneza hadithi hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1828, mwandishi mwingine, David Hume wa Godscroft, alikuwa ameisimulia kwa namna nyingine. Kwake yeye, aliyemtazama buibui hakuwa mfalme, bali rafiki yake James Douglas, naye ndiye aliyekwenda kumweleza mfalme. Mimi sidhani kama buibui huyo alikuwako. Lakini Douglas alikuwako, na maisha yake yanastahili kujulikana na wasomaji wa gazeti hili, wanafunzi na wazee wetu waliokwisha toka shuleni. Nitayaeleza hasa kwa upande wa ardhi na jamaa, maana vitabu vya darasani hutaja vita vyake tu, na vita vyake havieleweki mpaka mtu ajue alinyang'anywa nini, na ndugu zake walikuwa nani.

Kusini ya mji wa Glasgow, katika wilaya ya Lanark, kuna mto mdogo uitwao Douglas Water, na jina hilo kwa lugha ya kale ya Waskoti maana yake ni maji meusi. Watu waliotawala bonde la mto huo walijiita kwa jina lake. Waskoti humwita mwenye ardhi wa namna hii laird. Yeye hakuinunua ardhi yake sokoni. Aliishika kwa mfalme, kwa kiapo: mfalme akimwita vitani aende na watu wake, naye mfalme amlinde katika haki yake. Wakulima walio chini yake walimlipa kwa nafaka, kwa mifugo na kwa kazi ya mikono, na kesi zao nyingi aliziamua yeye. Baba akifa mwana alirithi, ila kwanza ampigie mfalme magoti na kuapa. Na aliyevunja kiapo alinyang'anywa ardhi. Neno hilo la mwisho msomaji alishike vizuri, kwa sababu habari zote zinazofuata zimejengwa juu yake.

James alizaliwa karibu na mwaka 1286. Mama yake, Elizabeth, alikuwa binti wa Alexander Stewart, Msimamizi Mkuu wa nyumba ya mfalme, cheo kilichorithiwa katika ukoo huo tangu zamani hata kikageuka kuwa jina lao. Kaka yake Elizabeth, jina lake pia James, alikishika cheo hicho baada ya baba yao. Basi mtoto wetu alikuwa na mjomba mkubwa sana katika nchi, na sisi tunaojua mjomba ni nani hatuna haja ya kuelezwa faida yake. Lakini mama mwenyewe alifariki James angali mdogo kabisa.

Baba yake, Sir William Douglas, alikuwa mtu mkali asiyeogopa mfalme wala sheria. Alipofiwa na mkewe alimwona mjane mmoja wa Kiingereza, Eleanor de Ferrers, aliyekuja Uskoti kwa habari ya mashamba aliyoachiwa na marehemu mumewe. Mama huyo alikuwa mgeni katika nyumba moja huko Tranent. William akaenda na watu wenye silaha, akamchukua kwa nguvu, kisha akamwoa. Mfalme Edward wa Kwanza wa Uingereza alikasirika, kwa kuwa mjane wa bwana mkubwa hakuruhusiwa kuolewa bila ya idhini ya mfalme, na William akatozwa faini ya paundi 100. Sikulisoma jambo hili kwa furaha, na wanaomsifu William kwa ushujaa ingefaa walitaje pia. Walakini ndoa ilidumu, na Eleanor akamzalia wana wawili, Hugh na Archibald. Hawa ni ndugu za James kwa baba, na tutakutana nao tena mbele. Tena William alikuwa na shamba ng'ambo ya mpaka, huko Fawdon katika Northumberland, hata akawa mtu wa wafalme wawili, mmoja huku na mmoja huko. Mabwana wengi wa mpakani walikuwa hivyo siku zile, na ilikuwa salama muda wafalme walipopatana.

Mwaka 1296 hawakupatana. Edward aliuteka mji wa Berwick na kuua watu wengi mno, na William, aliyekuwa mkuu wa ngome ya mji huo, akajisalimisha. Akaapa kumtii Edward, akaachiliwa. Mwaka uliofuata William Wallace alipoinua vita, Douglas alikuwa wa kwanza miongoni mwa mabwana wakubwa kujiunga naye. Akakamatwa tena, akafungwa Berwick, kisha Mnara wa London, na huko akafa kabla ya kupita miezi ya kwanza ya mwaka 1299. Kwa macho ya Edward huyu ni mtu aliyevunja kiapo, kwa hiyo bonde la Douglas likachukuliwa, akapewa bwana wa Kiingereza aitwaye Robert Clifford.

James alikuwa kijana wa miaka kumi na kitu, hana baba wala ardhi. Alipelekwa Paris, akakaa huko karibu miaka mitatu. Aliporudi alipokelewa na Askofu William Lamberton wa St Andrews, akawa kijana wa nyumbani kwake, akimkatia nyama mezani. Isidhaniwe kwamba ilikuwa kazi ya aibu, maana vijana wa mabwana wakubwa ndiyo waliyofunzwa. Lakini mkate ulikuwa wa mtu mwingine.

Hapa nafika kwenye siku ambayo naiona kubwa kuliko siku zote za maisha yake, kupita hata ile ya Bannockburn. Mwaka 1304 Edward alikuwa ameizunguka ngome ya Stirling, na karibu mabwana wote wa Uskoti wamekwisha kumwapia. Askofu akaenda kumsalimu, akamchukua James pamoja naye, akamwomba mfalme ampokee kijana huyu kuwa mtu wake na kumrudishia urithi wake. Edward akauliza ni mwana wa nani. Alipoambiwa, alikataa kwa hasira, akisema kwamba baba wa kijana alikuwa adui yake daima, na ardhi ile amekwisha mpa mtu aliyemtumikia kwa uaminifu. Wakatoka.

Naomba wasomaji walifikiri vema jambo hili. James alikwenda Stirling tayari kuapa mbele ya mfalme wa Uingereza. Kama Edward angelikubali, yaelekea tungelimsoma Douglas leo kama mmoja wa mabwana wa Kiskoti waliokuwa upande wa Waingereza, au tusingelimsoma kabisa. Watu wapendao mashujaa wa nchi hawafurahi kusikia hivyo. Mimi simdharau kwa hilo. Mtu asiyekuwa na mahali pa kukanyaga huomba kwanza pa kukanyaga. Edward alikuwa mwerevu katika mambo mengi, lakini siku ile alijinunulia adui kwa maneno machache.

Mwezi wa Februari 1306 Robert Bruce alimwua John Comyn, mshindani wake, kanisani huko Dumfries, na mwezi uliofuata akavikwa taji huko Scone. James aliposikia alimchukua farasi wa Askofu, naye Askofu akajifanya kuwa ameibiwa. Akamkuta Bruce njiani karibu na Moffat, akapiga magoti, akaapa. Bruce wakati huo hakuwa na ardhi ya kumpa mtu, hata yake mwenyewe ilikuwa mashakani. Basi walikuwa ni mfalme asiye na nchi na laird asiye na bonde, na urafiki wao haukuvunjika hata kufa.

Sura yake ameieleza Padre John Barbour wa Aberdeen, aliyetunga utenzi mrefu wa habari za Bruce yapata mwaka 1375. Asema Douglas alikuwa mwembamba, mwenye mifupa mikubwa na mabega mapana, nywele nyeusi, na alisema kwa kithembe kidogo, jambo lililompendeza kila aliyemsikia. Ila tukumbuke ya kuwa Barbour aliandika chini ya mfalme aliyekuwa mjukuu wa Bruce, na mwana mmoja wa Douglas alikuwa hai bado, tena mwenye nguvu. Mtu akiandika habari za baba mbele ya mwana hupima kalamu yake.

Jumapili ya Matawi ya mwaka 1307 James alirudi nyumbani kwa siri pamoja na watu wawili tu. Mkulima mmoja wa zamani wa baba yake, Thomas Dickson, alimtambua, akalia, akamficha nyumbani mwake, akawaleta usiku mmoja mmoja watu wa bonde waliokuwa waaminifu. Askari wa Clifford waliokaa ngomeni walikwenda kanisani kwa Mtakatifu Bride kuchukua matawi. Watu wa Douglas waliingia nao, panga zimefichwa chini ya nguo, na mapigano yakaanza humo humo kanisani. Kisha James akaingia katika ngome ya baba yake. Meza ilikuwa imeandikwa tayari kwa ajili ya askari, akala chakula chao. Baada ya kula, alikusanya nafaka, unga na ngano chini ghalani, akapasua mapipa ya mvinyo juu yake, akawaua mateka papo hapo, akatia chumvi na farasi waliokufa kisimani, akaichoma moto nyumba aliyozaliwa mrithi wake. Waskoti huliita jambo hilo ghala la Douglas. Waingereza walianza kumwita Douglas Mweusi, na si kwa sababu ya nywele peke yake.

Darasani tulibishana sana juu ya tendo hili. Wengine walisema ni ushujaa, kwa kuwa hakuwa na askari wa kuilinda ngome, na kama angeiacha nzima adui wangerudi kulala humo. Hesabu hiyo ya vita ni kweli, na Bruce mwenyewe alifuata njia hiyo hiyo baadaye, akabomoa karibu kila ngome aliyoiteka. Lakini kuwachinja waliokwisha shikwa, juu ya chakula, siku ya Matawi, mimi siwezi kukuita ushujaa. Na kuna watu wa tatu ambao Barbour anawapita upesi, nao ni wakulima wa bonde. Nafaka ile ilitoka katika mashamba yao, na James alipotoweka msituni Clifford aliijenga ngome upya, na wao ndio waliobaki chini ya kuta zake.

Vita vilivyofuata vimeandikwa kwingi, nami nitavipita mbio. Februari 1314, usiku wa karamu kabla ya Kwaresima, Douglas aliiteka ngome ya Roxburgh, watu wake wakitambaa gizani kama ng'ombe waliosahauliwa malishoni. Mwezi wa Juni mwaka huo ikawa vita ya Bannockburn. Humo mjomba alikuwa amekwisha fariki, lakini mwanawe, Walter Stewart, alikuwapo, kijana mdogo bado, na Barbour asema Douglas alipewa kusimama pamoja na huyu mtoto wa mjomba wake kuongoza kikosi kimoja. Robert Clifford, aliyekula mazao ya bonde la Douglas kwa miaka mingi, aliuawa siku ile ya tarehe 24 Juni. Mwaka uliofuata Walter alimwoa Marjorie, binti wa mfalme. Kwa hiyo ukoo wa mama yake James ulikuwa sasa umeungana na kiti cha ufalme, na mtoto wa ndoa ile ndiye aliyekuwa Mfalme Robert wa Pili mwaka 1371.

Tangu hapo ardhi ilimjia James kama mvua. Bonde la Douglas lilirudi, na juu yake akapewa Jedburgh pamoja na msitu wake, Lauderdale, Bedrule, msitu mkubwa wa Selkirk, na mwaka 1325 Buittle katika Galloway, palipokuwa makao ya ukoo wa Balliol. Ukiangalia ramani utaona shabaha ya Bruce, kwa kuwa nchi hizi zimepangwa karibu na mpaka wa Uingereza, na mtu aliyepewa alikuwa mlinzi wa mlango.

Lakini ardhi hizi zilitoka wapi? Mwezi wa Novemba 1314 baraza la Waskoti huko Cambuskenneth liliamua kwamba kila mwenye ardhi ambaye hajaja kumtii Mfalme Robert amepoteza haki yake katika Uskoti, yeye na warithi wake milele. Hukumu ile ile iliyompata James kwa ajili ya baba yake sasa iliwapata watoto wa watu wengine. Sijaona mahali popote inaposemwa kwamba James alilifikiria jambo hili alipokuwa akipokea hati zake.

Hati moja ni mashuhuri kuliko zote. Katika mapigano ya Byland, mwaka 1322, Douglas aliwakamata mabwana watatu wa Kifaransa, na kwa desturi ya vita fidia yao ilikuwa mali yake. Bruce alitaka urafiki na mfalme wa Ufaransa, akawaachilia bila fidia, akawa na deni kwa Douglas. Mwaka 1324 alililipa si kwa fedha, bali kwa mamlaka: Douglas na warithi wake wawe na haki ya kuhukumu wahalifu katika ardhi zao zote, isipokuwa kesi chache kubwa alizojiwekea mfalme, tena wasidaiwe huduma za kawaida isipokuwa kuilinda nchi. Kuwa ishara ya jambo hilo mfalme alimvika kidoleni pete ya zumaridi. Kwa ajili ya pete hiyo huitwa Hati ya Zumaridi.

Mwaka 1327, katika bonde la Wear, Douglas aliingia usiku katika kambi ya Edward wa Tatu, mfalme kijana wa miaka 14, akakata kamba za mahema na karibu amkamate mwenyewe. Mwaka 1328 amani ikafanywa. Na mwaka 1329 kijana huyo huyo akamrudishia Douglas shamba la Fawdon, lililokuwa la baba yake. Hivyo James alikuwa amepata kila kitu, huku na ng'ambo ya mpaka. Mabwana wengi wa pande zote mbili, waliopoteza ardhi katika vita vile vile, hawakurudishiwa.

Alikaa nacho muda mfupi. Bruce alifariki tarehe 7 Juni 1329, akiwa ameagiza moyo wake utolewe mwilini na kuchukuliwa vitani dhidi ya maadui wa imani yake, kwa kuwa aliweka nadhiri ya kwenda mwenyewe na hakuiweza. Douglas alichaguliwa kuubeba. Akauvaa shingoni katika kisanduku, akasafiri mpaka Hispania, ambako Mfalme Alfonso wa Kumi na Moja alipigana na Waislamu wa Granada. Tarehe 25 Agosti 1330, karibu na ngome ya Teba, aliuawa. Kuna wasemao aliutupa ule moyo mbele yake kati ya adui kisha akaufuata, lakini maneno hayo yalitiwa baadaye. Wenzake waliurudisha moyo ukazikwa katika nyumba ya watawa ya Melrose, na mifupa yake ikapelekwa kwa Mtakatifu Bride, katika kanisa lile lile la Jumapili ya Matawi.

Sasa wale walionyang'anywa wakarudi. Mwaka 1332 Edward Balliol na mabwana waliopoteza ardhi zao walishuka Uskoti kwa meli, na mwaka 1333 mfalme wa Uingereza akajiunga nao waziwazi. Tarehe 19 Julai mwaka huo, huko Halidon Hill, waliuawa William, mwana wa ndoa wa James, na Archibald, ndugu yake kwa baba, aliyekuwa Mlezi wa Ufalme. Kwa siku moja tu urithi wote ukamwangukia Hugh, yule mwana mwingine wa Eleanor, ambaye alikuwa padre wa Glasgow, hana mke wala mtoto.

Historia haimtendei haki Hugh. Wamempa jina la Mzubaifu kwa sababu hakupigana. Lakini mwaka 1342 padre huyu alifanya kazi ambayo hakuna askari wa ukoo ule aliyeifanya. Aliirudisha ardhi yote mikononi mwa mfalme, ili itolewe upya kwa hati yenye mpango: kwanza apewe William, mwana wa ndugu yake aliyekufa Halidon, ukoo wake wa kiume ukikatika, ipewe William Douglas wa Liddesdale, jamaa yao, na huyo naye akikosa mwana, ipewe Archibald, mwana wa Sir James aliyezaliwa nje ya ndoa. Kwa desturi mtoto wa nje ya ndoa hakurithi kitu. Hugh alimwandika.

Miaka ikapita. Jamaa wa Liddesdale aliuawa mwaka 1353, tena na yule yule William aliyetajwa kwanza katika hati, wakigombea ardhi. William akafanywa kuwa mkuu mwenye cheo cha Earl mwaka 1358, na mwanawe alipouawa huko Otterburn mwaka 1388 hakuacha mwana wa ndoa. Mume wa dada yake marehemu alidai urithi kwa haki ya mkewe. Ndipo ikaletwa hati ya padre. Mwezi wa Aprili 1389 baraza likaamua kwa ajili ya Archibald, aliyekuwa sasa mzee mwenye kutisha, bwana wa Galloway, mwenye ngome ya Threave katika kisiwa cha mto Dee.

Barbour asema ni Archibald aliyemjengea baba yake kaburi katika kanisa la Mtakatifu Bride. Sanamu ya jiwe ya Sir James imo humo mpaka leo, amelala chali, miguu imekunjwa mmoja juu ya mwingine, na katika ngao ya ukoo ukatiwa moyo mwekundu.